Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyeyapa heshima makapi ya chakula

Katika vitabu vya tiba duniani, jina la Denis Burkitt hutokea katika sura mbili zisizokaribiana. Katika sura ya kwanza limebebwa na saratani ya watoto ambayo aliitambua nchini Uganda, na ambayo hadi leo huitwa limfoma ya Burkitt. Katika sura ya pili limo kwenye habari za makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi za matunda, mbogamboga, nafaka na jamii ya kunde ambazo utumbo mdogo wa binadamu hauna uwezo wa kuzimeng'enya. Sura ya kwanza husomwa zaidi na matabibu. Ya pili inamhusu kila mtu anayenawa mikono na kuketi mbele ya sahani, awe Kampala, Mwanza, Nairobi au Bujumbura. Na chimbuko lake ni wodi zile zile za Hospitali ya Mulago.

Mwana wa mchora ramani

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo la Fermanagh, na saa zake za mapumziko alizitumia kuwachunguza ndege. Aliwavisha ndege wadogo wenye kidari chekundu pete za chuma miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja anamiliki eneo gani. Kazi hiyo ilimpatia jina miongoni mwa wataalamu wa ndege. Mwanawe alirithi kwake tabia moja: kila alipokutana na jambo asilolielewa, aliuliza kwanza linatokea wapi, kisha akatafuta ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alijikuta katikati ya wavulana waliokuwa wakirushiana mawe. Jiwe moja lilivunja miwani yake, naye akapoteza jicho la kulia. Ajali hiyo haikumzuia kuendelea na masomo. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda, akisukumwa na imani yake ya Kikristo, alihamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji mjini Edinburgh.

Ombi lake la kwanza la kujiunga na utumishi wa tiba katika makoloni lilikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikampeleka Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi la Uingereza, na vita vilipomalizika aliomba tena. Safari hii alikubaliwa, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Miongoni mwa wagonjwa waliomjia huko walikuwamo wanaume wengi wenye mabusha. Burkitt alitambua kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya, ilhali upande wa magharibi ugonjwa huo ulikuwa adimu. Daktari mwenye foleni ndefu angeweza kuwapasua na kuishia hapo. Yeye aliandika kila mmoja ametoka wapi. Baadaye ilibainika kwamba tofauti hiyo ililingana na maeneo yenye minyoo ya filaria, ambayo huenezwa na mbu. Ramani ilikuwa imeonyesha njia ya kuelekea kwenye chanzo kabla chanzo chenyewe hakijajulikana. Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala akiwa na funzo hilo kichwani.

Safari ya maili 10,000

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini Mulago kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona uvimbe wa namna ile. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Mtoto mmoja angeweza kuchukuliwa kuwa ajabu ya peke yake. Wawili walidai maelezo. Akafukua kumbukumbu za Mulago, akabaini kwamba uvimbe wa taya mara nyingi uliandamana na uvimbe mwingine ndani ya mwili, na kwamba yote ilikuwa saratani moja. Mwaka 1958 aliichapisha taarifa yake katika jarida la upasuaji la Uingereza.

Kisha akarudi kwenye swali la urithi wake: inatokea wapi? Alichapisha vipeperushi vyenye picha na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama madaktari wa huko wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Majibu yalipowekwa kwenye ramani yalichora ukanda uliokatiza katikati ya bara. Ili kuujua mpaka wake wa kusini, mwezi Oktoba 1961 alitoka Kampala pamoja na madaktari wamishonari wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, wakiwa ndani ya gari kuukuu aina ya Ford. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, wakipita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Msumbiji, mpaka Afrika Kusini. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Gharama yote, gari likiwamo, ilikuwa pauni 678.

Walichokibaini ni kwamba saratani hiyo haikujali mipaka ya nchi wala makabila. Ilifuata joto na mvua; katika nyanda za juu zenye baridi ilitoweka. Jambo hilo liliwafanya watafiti wafikirie wadudu na vijidudu, na leo inafahamika kwamba malaria ina mchango wake. Mapema mwaka huo huo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara jijini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Wawili hao wakakubaliana sampuli za uvimbe zisafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe hizo. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kampala haikuwa na mashine za tiba ya mionzi wakati huo, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa zilizokuwa bado mpya. Baadhi ya watoto ambao wangekufa ndani ya miezi michache walipona. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilichipuka kutokana na kazi hiyo.

Hospitali moja, mafunzo mawili

Kabla ya kumfuata Burkitt katika nusu ya pili ya maisha yake, hatuna budi kurudi kwa Hugh Trowell, yule aliyemwita wodini. Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda, ambako alitumia miaka mingi kuchunguza ugonjwa wa kwashakoo. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa katika miaka ya 1930 na Dkt. Cicely Williams katika koloni la Gold Coast, Ghana ya leo, naye alichukua jina lake kutoka lugha ya Kiga: ni maradhi yanayompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, lenye maana inayokaribiana sana na hiyo. Akina mama wa pande mbili za bara walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtoto huanza kuvimba miguu na kubadilika rangi ya nywele baada ya kuondolewa titini.

Mtoto huyo wa Buganda alitolewa kwenye maziwa ya mama akapewa matoke. Ndizi za kupika ni chakula chenye nguvu, lakini gramu 100 zake zina takriban gramu moja tu ya protini. Tumbo la mtoto wa miaka miwili hujaa kabla hajafikia kiasi anachokihitaji. Leo watafiti wanaeleza kwamba kwashakoo ina sababu nyingi kuliko upungufu wa protini pekee, yakiwamo maambukizi na upungufu wa virutubisho vingine. Hata hivyo, funzo la Mulago limebaki: kushiba si kulishwa.

Sasa hebu tutazame wodi ya watu wazima katika hospitali ile ile. Trowell aliona huko kitu cha kinyume. Watu waliokula matoke, viazi vitamu, ulezi, maharagwe na mboga za majani maisha yao yote hawakuugua magonjwa yaliyojaza hospitali za Ulaya. Kidole tumbo kilikuwa nadra. Mawe katika mfuko wa nyongo yalikuwa nadra. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 mgonjwa mmoja Mwafrika alistahili kuandikiwa makala katika jarida la tiba. Trowell aliyakusanya hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1960. Kwa maneno mengine, chakula kilichomwangusha mtoto kwa uchache wa protini kilionekana kumlinda baba yake kwa wingi wa makapi. Trowell alirudi Uingereza na kuwa kasisi, na kwa miaka kadhaa swali hilo lilikosa wa kulishika.

Magonjwa yasiyokuwepo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, miaka minne baada ya uhuru, akaajiriwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Huko alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la wanamaji. Wakati wa vita Cleave aliwatibu mabaharia waliofunga choo kwa kuwalisha pumba za ngano, na tangu hapo alishikilia kwamba sukari na unga uliokobolewa ndio mzizi wa maradhi mengi ya nchi tajiri. Madaktari wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, kwa sababu alikuwa amefanya upasuaji Uganda kwa takriban miaka 20 na alijua ni magonjwa gani ambayo hakuwa ameyapasua.

Mtandao alioujenga kwa ajili ya saratani ya taya ulikuwa ungali hai. Akaanza kutuma fomu kwa zaidi ya hospitali 100, nyingi zikiwa za misheni vijijini, akiuliza kila mwezi: mmeona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana? Majibu yalirudi na idadi ndogo mno. Kwa mara ya pili maishani mwake alichora ramani, ila sasa ilikuwa ramani ya magonjwa yasiyokuwepo.

Ili kujua sababu, yeye na wenzake walifanya jambo ambalo wengi wangeona haya kulitaja. Waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki wameze, kisha wakapima muda vinaochukua kutoka na uzito wa choo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilisafiri tumboni kwa takriban saa 36, na choo cha siku moja kilizidi gramu 400. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao ilichukua zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa takriban gramu 100. Burkitt alifafanua kwamba makapi huvuta maji, hulainisha choo na kukisukuma mbele. Yanapokosekana, utumbo hulazimika kukamua kwa nguvu, na sumu hukaa muda mrefu zikigusa ukuta wake.

Trowell alitoka katika ukasisi wake akaungana naye, na mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Kisha Burkitt akageuka msafiri tena, safari hii wa mihadhara, akizunguka Uingereza na Marekani na picha zake za slaidi. Mojawapo ya michoro yake ilionyesha watu wakihangaika kukausha sakafu ilhali bomba liko wazi na maji yanafurika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mkate wa ngano isiyokobolewa na vyakula vya pumba vikapata wanunuzi ambao zamani wangeviona chakula cha mifugo.

Hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kutafakari lugha yake mwenyewe. Makapi ni kile kinachotupwa. Anayezungumza yasiyo na maana huambiwa anaongea pumba. Lugha iliona kwamba kisichoyeyuka hakina kazi, na sayansi ya lishe nayo ilifikiri hivyo kwa muda mrefu. Kazi ya Burkitt ilikuwa kuonyesha kwamba kinachobaki baada ya mwili kuchukua chake nacho kina zamu yake ya kufanya.

Alipokosea, na alipothibitishwa

Hoja zake hazikupokewa bila maswali. Wakosoaji walisema kwamba hospitali za vijijini hazikuwa na vifaa vya kugundua magonjwa yote, na kwamba watu wengi hawakuishi hadi umri ambao saratani ya utumbo hujitokeza. Walieleza pia kwamba wanavijiji walitofautiana na Waingereza kwa mengi: kazi ngumu, uzito wa mwili, nyama kidogo, sukari kidogo. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Baadhi ya tafiti kubwa za baadaye hazikuona uhusiano kati ya makapimlo na saratani ya utumbo, nyingine ziliuona. Aidha, kasi ya chakula tumboni imeonekana kuwa sehemu tu ya maelezo: bakteria wa utumbo mpana huyachachusha makapi na kutengeneza viambata vinavyolisha ukuta wa utumbo, jambo ambalo halikueleweka vyema siku zake.

Lakini kiini cha dai lake kimesimama. Mwaka 2019 uchambuzi wa tafiti nyingi, uliochapishwa katika jarida la Lancet, ulionyesha kwamba wanaokula makapimlo kwa wingi hupata kwa uchache zaidi maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kila siku kutoka kwenye vyakula vya asili. Na mwaka 2025 watafiti wa Tanzania na Uholanzi waliripoti kutoka Kilimanjaro kwamba wanaume wa vijijini waliohamishiwa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili tu walionyesha dalili za uvimbe-joto mwilini, huku wenzao wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili wakipata nafuu.

Ni kipi basi tunachokibeba kwenda sokoni? Pera ndilo tunda la heshima: gramu 100 zake zina takriban gramu 5 za makapimlo na zaidi ya gramu 2 za protini. Parachichi lina gramu 6 hadi 7 za makapimlo na gramu 2 za protini. Ndizi mbivu, chungwa, karoti na kabichi viko karibu na gramu 2 na nusu za makapimlo, na protini yake ni takriban gramu moja. Embe na papai havifiki gramu 2, tikitimaji halifiki hata nusu gramu. Mboga za majani, kama vile mchicha, zina protini zaidi ya matunda mengi, lakini bado ni gramu 2 hadi 3 tu.

Hesabu hiyo yaonyesha wazi kwamba matunda na mboga pekee huleta makapi lakini hayamlei mtoto. Kinachounganisha mafunzo mawili ya Mulago ni jamii ya kunde: gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa hutoa gramu 6 hadi 7 za makapimlo na takriban 9 za protini. Choroko, mbaazi na kunde ziko katika ukoo huo huo. Bibi aliyepika matoke kwa karanga, au ugali wa dona kwa maharagwe na mchicha, alikuwa amekwisha kuifanya hesabu hiyo bila mizani. Anayeihama ni mjukuu wake wa mjini, anayekula sembe, mkate mweupe na juisi iliyochujwa. Kwa anayetaka kurudi, wataalamu hushauri aongeze makapimlo polepole na kunywa maji ya kutosha, maana tumbo lililosahau huhitaji muda wa kukumbuka.

Burkitt alipata tuzo nyingi, ikiwamo ya Lasker ya Marekani na uanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza, zote mwaka 1972. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82, akiacha mjane, Olive, na mabinti watatu. Mulago bado inawapokea watoto wenye saratani inayobeba jina lake. Katika wodi za watu wazima za ukanda huu, magonjwa ambayo zamani fomu zake zilirudi yakiwa na sifuri sasa yanaonekana. Ramani aliyoiacha inahitaji kuchorwa upya, na mstari wake mpya unapita jikoni kwetu.